Kwa nini chipu za leo zina fomati nyingi hivi za namba

Andika programu fupi inayohesabu kwa kuongeza moja moja: moja, mbili, tatu, na kuendelea. Iagize ihifadhi jumla yake katika fomati iitwayo bfloat16, mojawapo ya fomati zinazotumika sana kufundishia modeli kubwa za akili mnemba. Ikifika 256 itakwama. Ongeza moja mara elfu, ongeza mara milioni, jumla itabaki 256 vile vile. Hakuna ujumbe wa kosa na programu haianguki. Chipu imetii fomati iliyopewa, neno kwa neno.

Badilisha uweke FP16, ambayo nayo ina biti 16, na hesabu itafika 2,048 ndipo ikwame. Kwa FP32, yenye biti 32, utafika 16,777,216. Hapo mtu anaweza kudhani FP16 ni bora kuliko bfloat16. Basi ipe FP16 namba 70,000 uone: itaigeuza kuwa infiniti, yaani isiyo na kikomo, kwa sababu namba kubwa kuliko zote inayoweza kuishika ni 65,504. Mwenzake bfloat16 ataipokea, ila ataiandika 70,144.

Fomati mbili, biti zile zile 16, na kila moja inashindwa pale nyingine inapofaulu. Mabishano kuhusu fomati hizi huwa makali, na mengi huishia kuuliza ipi ni bora. Mimi naona swali hilo limekosewa tangu mwanzo. Kabla ya kuuliza namba zinaingia kwenye hesabu zikiwa na umbo gani, uliza jumla yake inakusanywa wapi. Hapo ndipo hesabu nyingi huharibika au kuokoka.

Namba inavyogawiwa

Namba ya nukta inayoelea ina sehemu tatu. Biti moja ni ya alama, chanya au hasi. Biti kadhaa ni za kipeo, zinazosema nukta imesimama wapi, yaani namba ni ya mabilioni au ya sehemu za milioni. Zinazobaki ni za mantisa, ambazo hubeba tarakimu zenyewe. Ni uandishi ule ule wa kisayansi wa 6.02 × 10²³, isipokuwa kompyuta hutumia kizio cha mbili badala ya kumi.

FP32 imegawa biti zake hivi: 1 ya alama, 8 za kipeo, 23 za mantisa. Katika kizio cha mbili tarakimu ya kwanza ya namba yoyote isiyo sifuri lazima iwe 1, kwa hiyo haiandikwi, inachukuliwa kuwa ipo, na usahihi unakuwa wa biti 24. Upana wake unafika takriban 3.4 × 10³⁸. FP64 ina 11 za kipeo na 52 za mantisa, na inatosha kwa karibu kila kazi ya kihandisi. FP16 ina 5 na 10. Bfloat16 ina 8 na 7: kipeo chote cha FP32 kimebaki, mantisa imekatwa.

Sasa turudi kwenye ile 256, maana ukiielewa hiyo umeelewa mengi. Mantisa ya biti 7 inatoa nafasi 128 kati ya kila kipeo cha mbili na kinachofuata. Kati ya 1 na 2 kuna nafasi 128. Kati ya 2 na 4 ziko 128 tena, kwa hiyo zimeachana mara mbili zaidi. Kati ya 128 na 256, nafasi 128 zinatosha kwa kila namba nzima. Ukivuka 256, nafasi zile zile 128 lazima zifike hadi 512, kwa hiyo zinaruka mbili mbili: 256, 258, 260. Namba 257 haina pa kukaa. Iko katikati kabisa ya 256 na 258, na kanuni ya kawaida ya kukadiria inasema namba ikiwa katikati, chagua jirani ambaye biti yake ya mwisho ni sifuri. Jirani huyo ni 256. Kila ukiongeza moja unarudishwa ulipokuwa.

Kwa hiyo biti ukiipeleka kwenye kipeo umenunua upana, na ukiipeleka kwenye mantisa umenunua usahihi. Hakuna ya kuwekwa pande zote mbili.

Bei ya mantisa

Ungetegemea kwamba biti ni biti, na gharama ni ile ile popote inapokaa. Sivyo. Chipu huzidisha mantisa mbili kwa njia tuliyofundishwa shuleni: kila tarakimu ya juu kwa kila tarakimu ya chini, kisha unajumlisha safu. Saketi ya kuzidishia basi inakua kwa mraba wa urefu wa mantisa. Kwa FP32 ni 24 mara 24, sawa na 576. Kwa FP16 ni 11 mara 11, sawa na 121. Kwa bfloat16 ni 8 mara 8, sawa na 64. Ukishuka hadi fomati ya biti 8 yenye mantisa ya biti 3, ni 4 mara 4, yaani 16 tu.

Vipeo havizidishwi, vinajumlishwa, na kujumlisha ni rahisi. Ndiyo maana bfloat16, ingawa ina biti 16 sawa na FP16, inachukua karibu nusu ya eneo la silikoni kwenye kizidishio. Google walipoitumia katika chipu zao za TPU walikuwa wamepiga hesabu hiyo vizuri: walinunua upana, ambao ni rahisi, wakauza usahihi, ambao ni ghali.

Gharama nyingine iko kwenye memori, na huenda ndiyo kubwa zaidi. Mwaka 2014 Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa makadirio ya nishati kwa teknolojia ya nanomita 45. Kuzidisha namba mbili za FP32 kulihitaji pikojuli 3.7. Kuzidisha mbili za FP16 kulihitaji 1.1. Kusoma biti 32 kutoka memori kuu ya DRAM kulihitaji takriban 640. Teknolojia imesonga mbele tangu hapo, lakini uwiano huo unaeleza kwa nini kila mtengenezaji anapunguza biti: sehemu kubwa ya umeme inaliwa na kusafirisha namba kabla hata ya kuzigusa.

Kabla ya 1985

Inafaa kukumbuka kwamba wingi huu wa fomati si jambo geni. Kabla ya IEEE 754, kiwango cha pamoja cha namba za nukta inayoelea kilichopitishwa 1985, kila kampuni ilikuwa na namba zake. IBM System/360 ya mwaka 1964 ilitumia kizio cha 16 badala ya mbili. Ilipata upana mkubwa kwa kipeo kifupi, lakini kwa kuwa tarakimu ya kwanza ya kizio cha 16 inaweza kuwa na hadi sifuri tatu mbele katika biti zake, usahihi uliyumba: namba moja ilikuwa na biti 24, jirani yake 21. Programu iliyotoa majibu mazuri kwenye mashine moja iliweza kutoa mengine ikihamishiwa kwingine.

William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndiye aliyeongoza fikra za kiwango kile, akapewa Tuzo ya Turing mwaka 1989. Mojawapo ya mapambano yake yalihusu namba ndogo mno zilizo karibu na sifuri. Alitaka zipungue usahihi pole pole, zikubaliwe bila ile 1 ya mbele, badala ya kudondoshwa ghafla kuwa sifuri. Kampuni ya kompyuta ya DEC ilipinga kwa hoja ya gharama ya vifaa. Kahan alitaka sheria moja ilindwe: kama x na y si sawa, basi x kutoa y isiwe sifuri. Mwandishi wa programu anayepima kama tofauti ni sifuri kabla ya kugawanya anaitegemea sheria hiyo bila kujua kuna watu waliibishania kwa miaka. Kahan alishinda, na naamini tumefaidi sana ushindi wake.

Pale jumla inapokaa

Akili mnemba ya sasa, ukiivua mapambo, ni kuzidisha jozi za namba na kujumlisha matokeo, jozi maelfu kwa kila jibu dogo. Kosa la kukadiria jozi moja halina uzito sana, kwani makosa hupanda na kushuka yakafutana kwa kiasi. Jumla ni jambo jingine. Inakua, na kadiri inavyokua nafasi zake zinaachana, hadi kinachoongezwa kinakuwa kidogo kuliko nusu ya hatua moja na kumezwa chote. Kule kukwama kwenye 256 ndiko huku.

Wasanifu wa chipu waliliona hilo. Vizidishio vya FP16 kwenye chipu za NVIDIA hupokea namba za biti 16 lakini vinaweza kukusanya jumla katika FP32. Ulinganifu wake unapendeza: mantisa mbili za biti 11 zikizidishwa hutoa biti zisizozidi 22, na FP32 ina nafasi 24. Zao linaingia zima bila kukatwa hata biti moja. Ukadiriaji unaanza kwenye kujumlisha tu, tena kwenye kikusanyio kipana, yaani pale jumla inapowekwa.

Kuna jumla nyingine ambayo ni rahisi kuisahau. Vigezo vya modeli navyo ni jumla, jumla ya masahihisho madogo madogo yaliyokusanywa kwa wiki nzima za mafunzo. Chukua kigezo chenye thamani 1 kilichohifadhiwa katika bfloat16. Juu ya 1, hatua inayofuata ni takriban 1.0078. Sahihisho la 0.001 halifiki nusu ya hatua hiyo, kwa hiyo linapotea, na la kesho litapotea, na la keshokutwa. Modeli itaonekana inafundishwa, ilhali kigezo hicho hakisogei. Dawa iliyozoeleka ni kuhifadhi nakala kuu ya vigezo katika FP32 na kutoa nakala fupi kwa ajili ya kuzidisha tu. Dawa nyingine, iliyomo katika baadhi ya chipu, ni kukadiria kwa bahati nasibu: 257 ipande hadi 258 mara nusu na kushuka hadi 256 mara nusu, ili kwa wastani hesabu isonge.

Kwa FP16 kulikuwa na shida ya upande wa pili. Namba ndogo kabisa inayoweza kuishika, hata kwa ule upungufu wa pole pole wa Kahan, ni karibu 0.00000006. Gradienti, yaani namba inayoonyesha kigezo kisahihishwe upande gani na kwa kiasi gani, ikiwa 0.00000002 inakuwa sifuri. Watafiti wakaanza kuzidisha thamani ya kosa la modeli kwa namba kama 1,024 kabla ya kukokotoa gradienti, kisha kugawanya mwishoni. Inafanya kazi, lakini ni mzigo wa ziada wa kusimamia, na bfloat16 iliuondoa kwa sababu upana wake ni wa FP32. Hapo nasimama upande wa bfloat16 bila kusita, mradi tu kikusanyio ni kipana.

Biti nane, kisha nne

Mwaka 2022 NVIDIA, Arm na Intel walipendekeza kwa pamoja fomati mbili za biti 8. E4M3 ina kipeo cha biti 4 na mantisa ya 3, na inaishia 448. E5M2 ina 5 na 2, na inafika 57,344. Ya kwanza imekusudiwa vigezo na data inayopita mbele, ya pili gradienti zenye kutawanyika sana. Angalia jinsi ubanaji ulivyofika: ili kuifikisha E4M3 hadi 448 walifuta infiniti, maana kwenye biti 8 kila mchanganyiko ni mali.

Huku chini ndiko hoja ya kikusanyio ilipojitokeza waziwazi. DeepSeek, kampuni ya akili mnemba ya China, katika ripoti yao ya modeli ya V3 ya Desemba 2024, walieleza kwamba kuzidisha kwa FP8 kwenye chipu za NVIDIA H800 walizotumia kulikuwa kunakusanya jumla kwa usahihi wa biti kama 14 tu, si zile zote za FP32. Katika jaribio la jozi 4,096 kosa kubwa lilikaribia asilimia 2. Walichofanya ni kutoa jumla ndogo kila baada ya jozi 128 na kuipeleka kwenye saketi za kawaida za FP32 ikajumlishwe huko. Fomati ya kuingilia haikuguswa. Kilichorekebishwa ni pa kujumlishia.

Ukishuka hadi biti 4, fomati ya E2M1 ina thamani chanya saba tu: 0.5, 1, 1.5, 2, 3, 4 na 6, pamoja na sifuri na hasi zake. Peke yake haifai kwa karibu chochote. Inapata uhai kwa kugawana kipimo. Kiwango kilichotolewa 2023 na kundi la kampuni zikiwemo AMD, Intel, Meta, Microsoft na NVIDIA kinaweka namba 32 katika kundi moja na kulipatia kundi zima kipeo kimoja cha biti 8. Gharama ni biti 4.25 kwa kila namba. Udhaifu wake ni kwamba namba moja kubwa ndani ya kundi huwakandamiza wenzake 31, kwani kipimo kinanyooshwa kuifikia na wadogo wanaangukia sifuri.

Faida ni ya kushikika kwa mkono. Modeli yenye vigezo bilioni 7 inahitaji gigabaiti 28 katika FP32, 14 katika biti 16, na takriban 3.7 katika fomati hii. Mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu mwenye laptopu ya gigabaiti 8 ana nafasi ya kuiendesha hiyo ya mwisho bila kukodi seva ya mtu. Mimi nalichukulia jambo hilo kwa uzito kuliko mashindano yoyote ya kasi.

Posit, na mahali inapoteleza

John Gustafson alipendekeza mwaka 2017 fomati aliyoiita posit, inayovunja mgao wenyewe. Badala ya kipeo chenye urefu maalumu, ina kipande kinachorefuka kadiri namba inavyokwenda mbali na 1. Namba zilizo karibu na 1 zinabaki na mantisa ndefu, zilizo mbali zinaipoteza kidogo kidogo. Kwa kiwango chake cha 2022, posit ya biti 32 ina hadi biti 27 za mantisa karibu na 1, dhidi ya 23 za FP32. Infiniti hazipo na sifuri ni moja tu.

Kwa data iliyokusanyika karibu na 1, ni wazo zuri. Sasa jaribu kuweka ndani yake kima cha Planck, mojawapo ya namba za msingi za fizikia, takriban 6.626 × 10⁻³⁴. Kile kipande kinachorefuka kinakula biti 29. Toa biti ya alama na mbili za kipeo, na mantisa haina hata biti moja iliyobaki. Namba inayohifadhiwa ni takriban 7.70 × 10⁻³⁴, yaani kosa la asilimia 16. FP32 inaihifadhi kwa usahihi wake wote bila taabu. Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwa wanaothibitisha programu: nadharia za makosa za miongo mingi zinategemea kwamba kosa la kulinganisha, yaani kosa likigawanywa kwa namba yenyewe, lina kikomo kile kile kila mahali ndani ya upana wa fomati, na posit inaondoa dhamana hiyo.

Sehemu ya pendekezo la Gustafson inayostahili sifa zaidi ni nyingine. Kila posit inakuja na kikusanyio kipana kiitwacho quire, chenye biti 512 kwa posit za biti 32, ambamo mazao hujumlishwa bila kukadiriwa hata mara moja hadi mwisho. Ni rejista kubwa, na ni ghali kwa silikoni. Lakini wanaosema posit ilishinda kwenye majaribio yao wajiulize kama quire ilikuwa imewashwa, maana huenda ushindi ni wake.

Fomati za desimali nizitaje kwa haraka. Hakuna fomati ya kizio cha mbili inayoweza kushika 0.1 kamili, FP32 inashika takriban 0.1000000015. Toleo la 2008 la IEEE 754 liliongeza namba za kizio cha kumi, na IBM walikuwa wameshaziweka kwenye prosesa ya POWER6 mwaka 2007. Kwa fedha ni sahihi kabisa, ila programu nyingi zinaridhika kuhesabu senti kwa namba nzima, na sioni ubaya wake.

Mfano wangu wa mwisho hauhusu akili mnemba. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kiliendesha modeli yake kwa FP64 kwa miongo. Watafiti walipoichunguza waliona kwamba vipimo vya anga vinavyoingia vina kasoro kubwa mno kuliko usahihi wa FP32, na kwamba ni sehemu chache tu za hesabu zilizohitaji kubaki biti 64. Mei 2021 wakahamia FP32 katika utabiri wa kila siku. Muda wa kompyuta uliookolewa ulitumiwa kuongeza tabaka za anga katika utabiri wa makundi, yaani utabiri unaorudiwa mara nyingi kwa mianzo inayotofautiana kidogo, kutoka 91 hadi 137.